Matumbawe na Dirisha la Arobaini

Hosiyat alikuwa mtu wa kuogopa upepo. Baridi ya kwanza ikiingia tu Tashkent, alikoroga unga wa ngano kwa maji ya moto mpaka ukawa gundi, akachana shuka kuukuu vipande virefu vyembamba, kisha akapita dirisha baada ya dirisha akibandika kila mahali ambapo pumzi ya nje ingeweza kupenya. Majirani wa jengo lile la ghorofa nne walikwishang'oa madirisha ya mbao na kuweka ya plastiki, na walimcheka. Aliwajibu kwamba upepo haubishi hodi, na anayelala nao mgongoni ataamka na figo za kizee.

Aliishi kwa kushona mifarishi ya harusi. Binti akiolewa mtaani kwao, lile rundo la mifarishi linalopangwa ukutani hadi karibu na dari lilikuwa limepita mikononi mwake, pamba yake na uzi wake. Shule aliiacha mapema ili amsaidie mama yake kuchambua pamba, wala hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mumewe, Turgun, alikwenda Urusi kujenga majumba kwa msimu mmoja tu. Msimu ukazaa msimu. Asqar, mtoto wao wa pekee, alijifunza kutembea kwa kuifuata simu, maana mama yake aliishika mbele yake akisema, "Njoo kwa baba, njoo." Turgun aliporudi hatimaye, kifua kibovu na mvi kichwani, aliuliza vikombe vinawekwa wapi. Nyumbani kwake mwenyewe. Hosiyat alimwonyesha kabati, akaenda jikoni kulia. Turgun hakukaa sana, kifua kikammaliza.

Kwa hiyo Asqar alipokuwa mtu mzima, akaoa, kisha akaanza kurudia maneno ya Kikorea mbele ya kioo cha bafuni, mama yake hakupata usingizi mzuri tena. Mtihani wa lugha alikwishaufaulu. Masika ikifika angeitwa kwenda kufanya kazi kiwandani huko Korea, na mkewe Nafosat alikuwa mjamzito.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamvuta abaki, nacho kilikaa chumba cha mwisho, ndani ya tangi la kioo refu kama kitanda. Asqar alikuwa amemfanyia kazi muuza samaki wa mapambo sokoni, na yule mzee alipofunga duka alimwachia tangi hilo pamoja na vipande vya matumbawe vidogo kama kucha, kila kimoja kimegandishwa juu ya kijiwe. Bahari yenyewe ilikuja nyumbani kwa mifuko, imekaushwa ikawa chumvi, Asqar akaikoroga kwenye ndoo. Mwanzoni Hosiyat aliichukia. Chumvi ilirukia mifarishi ya watu. Mashine zilinguruma mchana kutwa. "Watu wanafuga kondoo," alisema, "mwanangu anafuga mawe."

"Si mawe, Mama. Ni wanyama. Wanajijengea mifupa."

"Wanyama wasiotembea, wasiolia, wasiochinjwa. Basi hongera."

Lakini alikuwa mtu wa kutazama, na kitu ukikitazama kila siku kinakuwa chako. Akajua ni tumbawe gani linafumba vidole vyake mapema jioni, na lipi linalochelewa kama mtoto mtukutu. Akajua kwamba linalokua huwa na ncha nyeupe, mpya, kama ukucha uliotoka kukatwa. Akawa anapima kwa uzi wa kushonea juu ya kioo, anafunga fundo, anarudi baadaye kuona kama tawi limelipita fundo.

Halafu akaja daktari wa meno aitwaye Vohid, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, akasema anataka bahari ndani ya chumba cha kungojea cha kliniki yake, wagonjwa wapate cha kutazama wasiusikie mtambo wa kutoboa meno. Shemeji yake naye alikuwa na hoteli, naye angetaka. "Lakini sitaki punje," alisema, akigonga kioo. "Nataka vichaka. Kila kimoja kama ngumi yangu. Nitakuja masika, mwaka mpya wa Navruz ukifika, kuangalia."

Jioni ile, wakiwa wameketi kwenye mkeka wa chakula, Asqar alimwambia mama yake waziwazi. Daktari akiridhika, kazi imepatikana, hakuna haja ya Korea. Asiporidhika, ataondoka. Mtoto anakuja, na hawezi kumlea kwa vijiwe.

Tangu hapo Hosiyat akawa na haraka kuliko mwanawe. Asqar alizipandisha taa mwangaza, akadondosha maji ya chokaa tone kwa tone, akageuza pampu zipige mawimbi huku na huku kama pwani yenyewe. Vuli nzima matawi yalinyooka. Mama yake alifunga fundo juu ya fundo. Siku moja aliona yamependeza mno, akaogopa kijicho cha majirani, akachukua chetezo na kulifukizia tangi zima kwa yale majani tunayofukizia watoto. Mtambo wa povu, ambao kazi yake ni kuvuta hewa ya chumbani na kuchuja uchafu wa maji kwa mapovu, ukaumeza moshi wote na kufurika hadi kwenye zulia.

"Mama, umeyavutisha sigara!" Asqar alipiga kelele, huku akicheka na kupangusa.

"Afadhali yavute sigara kuliko yapigwe jicho."

Nafosat alijifungua mtoto wa kiume katikati ya majira ya baridi, na arobaini ikaingia nyumbani. Kwetu arobaini si mchezo. Mama na mtoto hawatoki, hawaachwi peke yao, taa ya chumba chao haizimwi, na baridi haitakiwi hata kusikika. Hosiyat alibandika vitambaa upya, safari hii tabaka mbili. Dada yake akahamia kumsaidia, shangazi wa marehemu Turgun naye akaja na mabinti zake, wakalala wamepangana ukumbini. Jiko la gesi halikuzimwa, ni supu, ni uji wa mzazi, ni maji ya kuogea. Nyumba ilikuwa na joto la kutoa jasho na Hosiyat alifurahi.

Ndipo ncha nyeupe zikapotea. Zilififia kidogo kidogo, zikawa na rangi ya hudhurungi kama matawi mengine. Uzi wa Hosiyat ulibaki kwenye fundo lile lile. Asqar akaongeza mwanga, na matumbawe mawili yakapauka kwa kuungua. Akazidisha chakula, mwani ukaota juu ya mawe. Mama yake alimwona anavyokaa mbele ya kioo mikono ikining'inia, na kwa mara nyingine akaanza kusikia Kikorea kutoka bafuni.

Asubuhi moja, ametoka kuswali, alihisi ubaridi kwenye kifundo cha mguu. Aliufuata kama mtu anayefuata harufu, ukampeleka chumba cha mwisho. Kitambaa kilikuwa kimebanduliwa. Dirisha lilikuwa wazi upana wa kiganja, na Asqar amesimama pale kavaa koti na kofia.

"Wewe!" alisema, kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto, sauti ya chini inayotisha kuliko ya juu. "Mwanao yuko ndani ya arobaini, unamfungulia mlango wa kaburi?"

"Mama, ngoja nikueleze."

"Nieleze huku umefunga."

Alifunga. Akamwonyesha kijimashine chenye namba, waya wake umezama majini. Rafiki yake wa Almaty, naye mfugaji wa matumbawe, ndiye aliyemfumbua macho kwenye simu. "Namba hii ikishuka, maji yamechacha. Hayachachi kama maziwa, lakini yamechacha. Na yakichacha, mnyama anashindwa kujenga mfupa wake. Nimwekee chokaa, nimwekee taa, anakosa nguvu ya kuitumia."

"Na maji yanachachishwa na nini?"

"Na sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi tunaopumua, Mama. Watu wamejaa, gesi inawaka, madirisha umeyabandika. Hewa tunayoitoa haina pa kwenda, inaingia majini."

"Kwa hiyo nisipumue."

"Sikusema hivyo."

"Shangazi yako asipumue? Maana yeye anapumua kwa watu watatu, hilo nakubali."

Asqar alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Hosiyat alichukua gundi na kukibandika kitambaa pale pale, mbele yake, akikikandamiza kwa kidole gumba mpaka kona ya mwisho.

Ila alikuwa mtu wa kutazama. Siku ile kila alipopita alikichungulia kile kijimashine. Mabinti walipotoka kwenda sokoni, namba ilipanda kidogo. Wageni walipoingia na masufuria manne yakawa motoni, ilishuka. Ilifanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine. Hakumwambia mtu. Alijaribu kupunguza watu, akamwambia dada yake kwamba sasa mambo ni shwari, anaweza kupumzika kwake. Dada akanuna, akafunga mizigo yake kwa kishindo. Asqar naye alitoboa fremu na kupitisha mpira mwembamba, ili mtambo wa povu uvute hewa ya nje. Hosiyat aliruhusu, akauzungushia pamba tundu lote. Namba ilisogea, lakini haikufika. Mpira ule ulikuwa kama kumnywesha ng'ombe kwa kijiko. Dirisha ndilo lililotakiwa, na milango ya ndani iachwe wazi, hewa ya nyumba yote ibadilike.

Mtoto alikuwa chumba cha pili kutoka hapo. Hosiyat alimshika, akanusa utosi wake, akawaza. Akifungua, huyu atapata baridi. Asipofungua, baba wa huyu atakuwa sauti kwenye simu. Alizunguka na wazo hilo siku kadhaa akishona mishono mibovu, ikabidi afumue.

Kuna njia moja ambayo desturi yenyewe inaruhusu. Kwetu mzazi na mtoto huhamishwa kwenda kwa mama yake mzazi. Tunasema wameikimbia arobaini. Lakini huwa mwishoni, siku zikikaribia kuisha, na Hosiyat alikwishajigamba mbele ya kila mtu kwamba mjukuu wake hatavuka kizingiti mpaka siku ya mwisho kabisa. Zaidi ya yote, alijigamba mbele ya Sharofat, mama yake Nafosat, ambaye tangu mwanzo alitaka mtoto alelewe kwake, kwenye nyumba yake ya uani yenye vyumba vikubwa.

Alivaa shali akaenda. Sharofat alimkaribisha kwa chai na uso wa mashaka.

"Nafikiri umefika wakati umchukue Nafosat na mtoto," Hosiyat alianza. "Wakae hapa mpaka Navruz."

Sharofat aliweka bakuli la chai chini. "Binti yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Amejibu ovyo?"

"Hajajibu ovyo."

"Supu ameunguza? Maana supu huwa anaunguza, nimemwambia tangu msichana."

"Mama Nafosat, mwanamke yuko arobaini, supu ataipika saa ngapi?"

"Basi mtoto analia, umechoka. Sema tu, hakuna aibu."

"Mtoto analia kama kinanda. Sijachoka. Namtaka pale hata akilia mwaka mzima."

"Sasa mbona unamtoa kabla ya siku zake? Watu watasema umemfukuza mzazi. Watasema mimi nimelea binti asiyefaa."

Hosiyat alijaribu kutafuta uongo, hakuupata. Akasema kweli yote: daktari wa meno, ngumi, namba, hewa, dirisha. Alivyokuwa anaeleza, alijisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyochekesha, na Sharofat kweli akacheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

"Unamhamisha mjukuu ili mawe yapate hewa?"

"Ili baba yake asiende Korea."

Kicheko kikakatika.

"Nafosat anajua?" Sharofat aliuliza.

"Anajua kuhusu Korea. Analia upande wa ukutani ili nisione. Mimi naona."

Sharofat alimimina chai, akaimwaga, akamimina tena. "Turgun alipokuwa Urusi," alisema taratibu, "ulikuwa unakuja harusini peke yako. Wenye harusi wanakufungia pilau ya mumeo kwenye mkate, eti umpelekee. Mtu yuko Urusi! Na wewe unapokea, unasema ahsante, unatoka nayo. Nilikuwa nakaa upande ule nakuona."

"Ningeikataaje?"

"Sitaki binti yangu afungiwe pilau." Alinyanyuka. "Nakuja kesho kumchukua. Ila nitakuja kwa kelele. Nitasema mjukuu namtaka mimi, nimeshindwa kuvumilia, wewe umekataa mimi nimelazimisha. Wewe nuna tu mbele ya watu. Kununa unaweza?"

"Kununa naweza."

Alikuja kwa kelele kweli. Ngazi zote zilimsikia. Shangazi alipinga, Sharofat akampigia makelele zaidi. Hosiyat alinuna vizuri, maana hakuhitaji kuigiza. Alimfunga mtoto nguo juu ya nguo, akampaka unga kidogo kwenye paji la uso ili aje aishi mpaka nywele ziwe nyeupe, akampakata mpaka mlangoni. Nafosat alimshika mkono.

"Mama, nimekukosea?"

"Hujanikosea, mwanangu. Nenda ukale, unenepe. Mumeo atakuja kila jioni."

Shangazi na mabinti zake wakaondoka siku hiyo hiyo, maana hapakuwa na mtoto wa kumshika. Nyumba ikawa kimya. Hosiyat akaingia chumba cha mwisho, akashika ncha ya kitambaa na kukivuta. Kilitoka na rangi ya mbao. Akafungua dirisha lote, sio upana wa kiganja, kisha akaenda kufungua na la jikoni.

Waliishi kama wachungaji mlimani. Asqar aliongeza vipasha-joto tangini ili maji yasipoe, na yeye na mama yake wakavaa makoti wakati wa kula. Hosiyat alishona akiwa amekata vidole vya glavu. Usiku waliyarudisha madirisha wakaacha upenyo. Namba ilipanda, ikatulia juu, ikakataa kushuka. Kwa muda hakuna kilichoonekana. Halafu asubuhi moja Hosiyat aliinama karibu na kioo na kuona doa jeupe kwenye ncha ya tawi, dogo kama punje ya ufuta, kisha jingine. Hakumwita Asqar. Aliogopa ameona vibaya. Alisubiri mpaka yeye mwenyewe akapiga kelele kutoka chumbani, ndipo akakaa chini na kuvuta pumzi.

Kila asubuhi alipiga simu uani kwa Sharofat. "Dirisha lako limefungwa?"

"Limefungwa, Mama Asqar. Na mlango. Kilichobaki wazi ni mdomo wako tu."

"Anacheka?"

"Anacheka. Mimi ndiye ninayemchekesha."

Hilo lilimuuma, naye Sharofat alijua, na kwa kuwa alijua, akawa anamweka mtoto karibu na simu ili apumue mle ndani. Hosiyat alisikiliza ile pumzi mpaka sindano ikampoa mkononi.

Daktari Vohid alikuja siku chache kabla ya Navruz. Alisimama mbele ya tangi, hakuvua koti.

"Humu ndani baridi kuliko nje. Kwa nini?"

"Yanapenda hewa," Asqar alijibu.

Daktari alikunja ngumi akaiweka juu ya kioo. Matumbawe matatu yaliijaza. Mengine yalikuwa makubwa kama yai, mengine kama zabibu kubwa. Akatikisa kichwa. "Niliomba vichaka, kijana. Hivi ni vichaka vitatu na watoto wao."

Hosiyat, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, aliona mabega ya mwanawe yakishuka, akaingia hatua mbili ndani.

"Daktari," alisema, "chumba chako cha kungojea kinafunguliwa madirisha?"

"Wakati wa baridi? Hapana, wagonjwa watalalamika."

"Na wagonjwa ni wengi?"

"Wamejaa mpaka kwenye korido, ashukuriwe Mungu."

"Basi haya yakifika kwako hayatakua. Hata yangekuwa makubwa kama kichwa changu, yatadumaa, kisha yatakufa. Watu wamejaa, wameachama midomo, madirisha yamefungwa. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Ilibidi nimpeleke mjukuu wangu kwa watu ndipo hizo ncha nyeupe zikarudi. Tazama, hapo. Na hapo."

Daktari aliinama. Alitazama ncha moja, akasogea kwenye nyingine. Alimuuliza Asqar swali, na Asqar akajibu, mwanzoni kwa kusitasita, kisha kwa haraka: mpira wa kupitisha ukutani, feni ndogo, kipimo, chokaa inapungua lini na inaongezwa vipi. Chai ikapoa bila kunywewa.

"Hayo yote nani atakuwa anayafanya kliniki?" daktari aliuliza. "Mimi nang'oa meno."

"Mimi," Asqar alisema. "Kila wiki. Kama niko hapa."

"Kwani unakwenda wapi?"

Asqar alimtazama mama yake. Hosiyat alitazama sinia.

"Siendi popote," Asqar alisema.

Wakakubaliana: yale matatu na baadhi ya yale ya yai yaende sasa, mengine yabaki kukua, na Asqar ayahudumie yote, ya huku na ya huko. Ya hoteli yangezungumzwa baadaye, kama ya kliniki yangeshika. Haikuwa ahadi kubwa. Ilitosha kwa masika ile, na Asqar alikwenda bafuni akanawa uso kwa muda mrefu, bila kusema neno la lugha yoyote.

Siku ya Navruz jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na hata Hosiyat alikubali dirisha lililo wazi halikuwa kosa tena. Walikwenda uani kuwachukua. Sharofat aliwachelewesha makusudi, mara sahani ya mwisho, mara nguo haijakauka. Mtoto alimwangalia Hosiyat kama mtu asiyemjua, akakunja uso akalia, na Sharofat hakuweza kuficha kwamba amefurahi. Hosiyat alimwacha alie. Alimbeba hivyo hivyo.

Njiani kurudi, Asqar alitangulia na susu ya mbao ya kumlalisha mtoto begani, Nafosat kando yake.

"Unaishika kama boriti. Itavunjika mguu."

"Wewe ulitaka niishike vipi, kama bilauri?"

"Ishike kama ya mwanao. Ona sasa, imegonga mti."

"Mti ndio umekuja."

Hosiyat alipunguza mwendo nyuma yao, mtoto ameshanyamaza begani mwake, ili wasije wakamkumbuka na kuacha kugombana.